Bibi Anaposema Nami

Mwanangu Asya,

Salamu naziacha, kwa sababu wewe na mimi tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na hapa nilipokaa nakusikia ukifungua sanduku, ukilifunga, ukilifungua tena. Tangu jana mchana hatujasemezana. Chai nimekutengea mlangoni kama mgeni, nawe umekirudisha kikombe kimekoshwa, bila neno. Kesho asubuhi meli inaondoka. Najijua mimi: nikifungua mdomo mbele yako nitagomba au nitalia, na vyote viwili havitakufaa kitu. Karatasi hii nitaiweka juu ya kanga utakayojifunga alfajiri, uisome kabla hujateremka ngazi, maana nina jambo la kukuomba na jambo lenyewe haliwezi kungoja mpaka ufike Moshi.

Sitakueleza namna ya kumfunika mtoto na baridi ya kule, wala maziwa yachemshwe mara ngapi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na majirani hata kama hukuwauliza. Nataka kuzungumza nawe habari ya neno moja.

Jana ulimkuta bibi yako amempakata mwanao Mwanaidi kwenye mkeka, anamtikisa taratibu na kumwambia kwa Kiarabu chake, "Nami, ya binti, nami." Ukamchukua mtoto. Nisikusingizie, hukumpokonya, lakini ulimchukua upesi, na mikono ya bibi yako ikabaki vilevile, imepakata kitu ambacho hakipo tena.

"Bibi, basi," ulisema. "Idrisa hataki mwanawe asemeshwe Kiarabu. Mtoto atachanganyikiwa, atakuwa hajui lugha hata moja."

Nami nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele, nachambua mawe, na wewe unazijua hasira zangu zinavyopanda. Nikakwambia, "Asya, huna haya? Bibi yako anakubembeleza, anakwambia nami, nami, na mimi nichukueni, nawe unamwondolea mtoto! Kama moyo wako umekuwa mgumu namna hiyo, nenda hata leo, usingoje meli."

Ukanitazama. Ningependelea ungenijibu kwa ukali, lakini ulinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

"Mama," ulisema, "hata hujui anasema nini. Anamwambia mtoto alale."

Ukaingia chumbani ukafunga mlango. Mimi nikabaki na ungo wangu.

Umesema kweli, mwanangu. Nimeishi nyumba moja na mama wa mume wangu tangu kabla wewe hujazaliwa. Nimepika naye, nimemuuguza, tumelia pamoja baba yako alipofariki. Na siku zote hizi ambazo unafunga mizigo, kila alipompakata Mwanaidi nikimsikia anasema "nami, nami," nilikuwa nageuka upande nikijifuta machozi, nikidhani maskini bibi wa watu anaomba naye achukuliwe. Nilikuwa namlilia kwa kitu ambacho hakukisema. Na kile alichokisema sikukisikia, kwa sababu mwenyewe niliyaziba masikio yangu zamani, nikayaziba na ya ndugu yako. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla hujaondoka. Unaloanza kulifanya wewe kwa Mwanaidi, mimi nimeshalifanya, na najua linakofikia.

Ndugu yako Nassor alipozaliwa wewe ulikuwa mtoto wa chuoni, unakwenda na juzuu yako kifuani, huna wakati na vichanga. Mimi nilikuwa na wakati. Baada ya arubaini yangu nilikuwa nakaa naye ukumbini mchana kutwa, bibi yako anakaanga kahawa ya baba yako ya kuuza jioni, na humo ndani lugha zinapishana: mimi na Kiswahili changu, yeye na Kiarabu chake cha Kishihiri, cha kwao Arabuni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na jikoni. Kiarabu chake kilikuwa cha mtu mzima mwenye maneno, mwenye mizaha. Nilijua ni mizaha kwa sababu baba yako alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Nikaanza kumwangalia Nassor ananyonya. Bibi yako akiwa anasema Kiarabu, mtoto ananyonya kwa mwendo wake. Bibi akigeuka kuniambia mimi jambo kwa Kiswahili, sauti ni ileile, mtu ni yuleyule, lakini mtoto anasita. Chuchu mdomoni, macho wazi, hanyonyi. Anasikiliza. Halafu akizoea anaendelea. Bibi akirudi kwenye Kiarabu, anasita tena. Hajui neno hata moja la lugha yoyote, Asya, hata jina lake hajalijua, lakini anajua kwamba kitu kimebadilika. Nilimwambia baba yako, naye akasema, "Huyo anasikiliza mwendo. Wewe mwenyewe ukisikia ngoma inapigwa mtaa wa pili huwezi kujua ni msewe au ni beni, na maneno huyasikii?" Nikaona kasema kweli.

Alipokuwa anakaribia kutambaa akaanza jambo jingine. Akawa hatutazami machoni, anatutazama mdomoni. Nilidhani ana kasoro. Jirani yetu Bi Mize alikuwa na mtoto wake Pili, mwezi mmoja na Nassor, na nyumbani kwao ni Kiswahili tu kutoka asubuhi mpaka kulala. Pili alikuwa anakutazama machoni kama mtu mzima anayekudai. Wangu anatazama midomo. Bi Mize akanishauri nimpeleke kwa mwalimu akasomewe.

Siku moja ya vuli mvua ilinyesha juu ya bati la jikoni kwa nguvu, ikawa hapana anayemsikia mwenzake. Tuliwaweka watoto wawili juu ya mkeka mmoja. Bibi yako alikuwa kakaa mbele yao anasema nao, na hakuna lililosikika ila mvua. Pili alichoka mara moja, akashika kifuniko cha sufuria. Nassor alikazia macho midomo ya bibi yake. Mara bibi akageuka kusema Kiswahili. Mimi nilijua kwa kumsoma midomo, kwamba anamwambia Pili aache kifuniko. Nassor akakunja uso. Ile mvua yote, sauti haipo, na mtoto asiyeweza kusimama kajua kwa midomo peke yake kwamba lugha imebadilika! Pili wala hakujali, naye hakuwa mjinga, leo ndiye wa kwanza darasani. Hakuwa na haja tu. Mwenye mlango mmoja nyumbani kwake hana sababu ya kusimama akafikiri atokee upi. Wangu alikuwa na milango miwili, akajifunza mapema kuitazama.

Nilifurahi siku ile. Nataka ujue kwamba niliwahi kufurahi, kwamba niliiona akili ya mtoto yule kwa macho yangu, halafu nikafanya nililofanya.

Neno la mwanzo la Nassor lilikuwa "nam." Utakumbuka tulivyolipigania. Mimi nilikuwa nikimwita "Nassor!" naye anasema "nam," basi natamba mtaa mzima kwamba mwanangu hajatimiza mwaka na akiitwa anaitika naam kama mtoto aliyefunzwa. Bibi yako anatikisa kichwa. Kwake lile halikuwa naam yetu. Naam yake yeye inatoka kooni, na ukiisikia unajua Mshihiri huyo. Hili lilikuwa lile alilomwambia mtoto wa kiume kila mchana: nam, ya habibi, nam, lala. Kumbe mtoto alikuwa ananiambia ana usingizi, na mimi namwonyesha kwa watu! Baba yako ndiye aliyetutafsiria, akacheka, nami nikakasirika wiki nzima, kisha nikalisahau. Ndiyo maana sikulijua nami ya Mwanaidi. Niliwahi kuambiwa lile la kiume nikalitupa. Hili la kike sikulitafuta kabisa.

Kisha ikaja Januari ile ya mapinduzi, Waarabu wakawa wanasakwa.

Sina haja ya kukusimulia habari za mjini, uliziona, au uliona kadiri nilivyokuachia uone. Nakusimulia ya ndani. Siku za mwanzo tulipokuwa tumefunga madirisha, nilimwendea bibi yako nikamwambia, "Mama, nakuomba kwa Mungu, usiseme. Usiseme neno la kwenu hata kwa kunong'ona." Nilikuwa naogopa njia ile ilivyo nyembamba, mtu akipita anasikia mpaka mchuzi unavyochemka. Mimi ni mtoto wa Makunduchi, uso wangu na usemi wangu havikuwa na neno. Baba yako alikuwa juu darini, kajilaza nyuma ya magunia matupu ya kahawa, na kikohozi chake alikimeza humo.

Wewe ulikuwepo siku walipoingia watu wa bunduki, lakini nilikuwa nimekugeuza uso ukutani, kwa hiyo nitakwambia kilichotokea nyuma yako.

Waliingia wawili baada ya adhuhuri. Mmoja akabaki mlangoni. Aliyepanda ngazi alikuwa kijana, bunduki ndefu kuliko mkono wake, jasho linamtiririka, na leo nikimkumbuka nadhani naye alikuwa anaogopa. Siku ile sikufikiri hivyo. Nassor alikuwa mikononi mwa bibi yako na alikuwa analia kilio kile cha usingizi kisichokatika. Bibi yako, kwa kunitii mimi, alikuwa kajifunika ushungi mpaka puani na kanga kaiuma kwa meno.

"Nani mwengine yumo humu ndani?" aliniuliza yule kijana.

"Mie na wanangu na mkwe wangu," nilisema. "Mwenyewe hayupo."

"Kenda wapi?"

"Mie nnajuaje, baba? Wanaume siku hizi wanaaga?"

Mtoto anazidi. Kijana akatazama juu, kwenye ngazi ya darini, akajaribu kusikiliza, na kilio kinamtia kero. "Mnyamazishe huyo mtoto!"

Nikamchukua Nassor. Nikamwimbia, nikamtikisa, lakini sauti yangu ilikuwa inatetemeka na mtoto akaijua kwamba si yangu. Akajipinda kumtafuta bibi yake, akamtazama pale palipo mdomo, na mdomo haupo, pana kanga. Akapiga ukelele mwengine. Nikamrudisha kwa bibi kwa kuwa nilihisi ataniponyoka. Na juu, Asya, nilisikia ubao umelia. Baba yako alikuwa kajigeuza.

Sijui kama kijana aliusikia. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Hapo bibi yako akaanza kuvuma. Sikwambii kuimba, mdomo ulikuwa umefungwa na kanga ndani yake. Alikuwa anavuma kwa puani ule mwendo wa maneno yake ya kulaza, unapanda kidogo, unashuka, unatua. Neno hapana. Sauti ya mwendo tu. Na Nassor akanyamaza. Alinyamaza ghafla, akamlegea begani, macho yakaanza kufumba.

Nyumba nzima ikawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio, maana sasa kila kitu kingesikika. Kijana akageuka akamkazia macho bibi yako. "We bibi!" akasema. "Unasema nini hapo? Weye!"

Bibi yako hakuweza kumjibu. Angeitika kwa koo lake angejulikana. Angenyamaza angekuwa jeuri. Nilimwona macho yake juu ya ile kanga, nami nikafungua mdomo kusema jambo, sijui lipi.

"Nam," akasema Nassor, usingizini.

Yule kijana akamtazama mtoto. Uso wake ukafunguka, akacheka, cheko la mtu wa umri wake. "Haya, huyu kanitikia! Huyu ana adabu kuliko nyinyi wote." Akamgusa mguu kwa kidole, akateremka. Nilisikia akimwambia mwenzake njiani, "Mtoto mdogo vile, nnamwita ananambia naam."

Mtoto alikuwa anasema nam ya bibi yake. Kijana akasikia naam yetu. Baba yako alikohoa kikohozi chake chote usiku ule, nasi tukamshukuru Mungu.

Sasa wewe mwambie mtu yeyote kisa hiki, kisha muulize mama yule alijifunza nini. Atasema alijifunza kwamba lugha ya bibi iliwaokoa. Mimi nilijifunza kinyume chake! Nilikaa chini nikasema moyoni, neno moja la Kiarabu limetaka kutuua, basi jingine halitasemwa humu. Nikamwambia bibi yako jioni ile, "Mama, kuanzia leo ni Kiswahili tu, mbele ya mtoto huyu." Akanitazama. "Haya," akasema. Hakubisha. Ningetaka angebisha.

Na hofu haikuwa ya siku ile peke yake. Nilipoletwa mjini kuolewa, nilikuwa nikisema Kimakunduchi changu kisimani, wanawake wa mjini wanaweka ndoo chini wacheke. Nilikisaga kile Kimakunduchi nikakimeza. Kwa hiyo nilijiona najua dawa: mtoto asiye na lugha ya kuchekwa nayo hawezi kuchekwa. Sikumuuliza mtu. Mama yangu alipokuja kutoka shamba akanisikia nasema kimjini, alikaa kimya mpaka akaondoka. Hata hilo sikulitia akilini.

Nassor alimtazama bibi yake mdomoni kwa muda, akingoja. Bibi anamwambia kwa Kiswahili, "Kula. Kaa. Usiguse," kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Mtoto anangoja ule mwendo mwengine. Haukuja. Siku moja nilitambua kwamba hamtazami tena mdomoni. Anamtazama machoni kama Pili anavyotazama watu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikaona kapona.

Alichopona ni bibi yake. Mwanamke yule aliyekuwa akimchekesha baba yako mpaka anakaa chini, humu ndani akawa mtu wa "chai tayari" na "kuni zimekwisha." Nilimfanya mtu mzima mwenye akili zake akawa anazungumza kama mtoto, kisha nikamwona kama mtoto. Baba yako alikuwa akikaa naye baada ya isha, wanasema kwa sauti ya chini, na mimi nikipita wananyamaza. Nawe vilevile. Usidhani sikujua. Ulikuwa unapanda naye juu ya dari kuanika nguo, nguo zenyewe mbili tatu, mnakaa mpaka jua linakuchwa. Nikikanyaga ngazi mnanyamaza. Mara nyingi nilikaa kwenye ngazi ya chini nikisikiliza ule mwendo unapanda na kushuka, na bibi yako anacheka, nami naona wivu. Sikupanda.

Baba yako kafariki. Bibi yako tangu aanguke kwa kiharusi mwaka jana Kiswahili kimemtoka chote, kama kwamba kilikuwa nguo ya kuazima na mwenyewe kaja kuichukua. Anaomba maji, Nassor anampelekea mbuzi ya kukunia nazi. Siku nyingine namsikia Nassor barazani na wenzake anamwigiza bibi yake, analiza koo, wanacheka. Nilimpiga kofi juzi kwa hilo. Baadaye nikaenda nikajifungia, kwa sababu kofi lile halikuwa la Nassor.

Mtu anayemjibu bibi yako katika nyumba hii ni wewe. Na kesho unaondoka.

Ndiyo maana jana nilikugombeza vile. Nilisema ni kwa ajili ya bibi, lakini niliogopa kwa ajili yangu. Niliona tukibaki sisi wawili humu ndani, yeye anasema, mimi sijui anasema nini, mpaka mmoja wetu afe.

Idrisa simlaumu. Kaambiwa na wenzake kwamba lugha mbili humkwamisha mtoto ulimi, na huko nyuma ya maneno hayo kuna hofu ileile niliyokuwa nayo mimi, ya mtoto kunyooshewa kidole. Mume wako ni mtu mwema. Lakini wewe umemwona Mwanaidi anavyonyonya? Mimi namwona. Anasita palepale alipokuwa akisita Nassor. Anatazama midomo ya bibi yako vilevile. Hajachanganyikiwa, Asya. Aliyechanganyikiwa katika nyumba hii ni mimi, mwenye umri wangu wote, niliyesikia lala nikadhani ni na mimi. Mtoto wa miezi saba alijua. Alikuwa anafumba macho.

Sikwambii useme naye nini huko Moshi. Huko mtakuwa na Wachaga jirani pia, atasikia na yao, atasita tena. Nyumba ni yako. Nakuomba la kesho tu.

Kesho kabla hujateremka, mweke Mwanaidi kwenye mapaja ya bibi yako na umwache. Usikae karibu ukimhesabia. Meli itapiga honi, wapagazi watagombana, Idrisa atakuwa kwenye ngazi anaita. Mimi nitamshughulikia Idrisa. Mwache bibi yako aseme mpaka atakapotosheka. Nilimfunga mdomo kwa kanga siku aliyotuokoa, sitaki aagwe na kitukuu chake akiwa bado amefungwa.

Nilikatiza kuandika hapa, naona wino umekauka kwenye kalamu. Nilimsikia bibi yako anasema peke yake, nikaenda. Alikuwa kakaa kitandani kwake, hapana mtoto mikononi, anasema lile neno. Nikakaa chini miguuni pake. Akaniwekea mkono kichwani, ule mkono wa kukaangia kahawa, mgumu wote, akanitikisa kidogo.

"Nami, ya binti," akaniambia. "Nami."

Sasa nalijua. Najua ananiambia lala, binti yangu. Nilitaka kumjibu kwa lugha yake na sina neno hata moja, Asya, miaka yote hii na sina hata moja. Nikasema nililonalo. "Naam," nikasema.

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha juu ya dari, na safari hii nilikuwa ndani yake.

Basi nifundishe. Mlangoni kesho, kama huna hasira nami, niambie maneno mawili matatu: maji yanaombwaje, na nikiulizwa kama nimekula nijibuje. Nitayashika. Nassor naye nitamwita asikilize. Kama bado una hasira, niite tu, kwa sauti yoyote, nitakuitikia.

Na huko Moshi, ukimlaza mwanao kwa neno la bibi yako, yeye atalisikia kwa Kiarabu na atafumba macho. Wewe, usiku huo, lisikie kwa Kiswahili. Nami nimo humo.

Mama yako